Naomba ushauri: tangi la juu au la kuchimbia chini kwa maji ya mvua?

Ndugu zangu, salaam. Nimekusudia kuvuna maji ya mvua kwa matumizi ya nyumbani, na kabla sijamwita fundi ningependa kuwasikia wale ambao wameutumia mfumo huo kwa muda mrefu. Paa langu ni la mabati, lenye mita za mraba 80 hivi; kwa kuwa milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1, mvua ya milimita 20 ingenipa takriban lita 1,600, ukiacha yatakayomwagika kwenye gata.

Linalonitatiza ni mahali pa kuyahifadhi. Tangi la plastiki lililoinuliwa juu ya msingi hutoa maji bila pampu, na likipasuka utaliona; la saruji lililochimbiwa ardhini huyaweka maji katika ubaridi na giza, hivyo mwani hauoti, lakini likipata ufa na kuingiza maji machafu ya udongoni, nani atajua mapema? Fundi mmoja analisifia sana la chini, ingawa nashuku anaipenda zaidi kazi ya kuchimba.

Pia kuna maji ya kwanza, yanayoshuka na vumbi, majani na kinyesi cha ndege. Nafikiria kufunga bomba la wima lenye kizibo chini, lijae hayo kwanza ndipo yanayofuata yaingie tangini. Je, kizibo hicho mnakifungua wenyewe kila baada ya mvua, au mmekitoboa tundu dogo ili bomba lijimwage polepole, na tundu hilo halizibwi na matope?