Dola 300 mkononi: Nikon FM2 yenye lenzi moja, au Pentax K1000 yenye lenzi tatu?

Binti wa Nguba

Jambo wakubwa. Niko Bukavu, napiga picha za harusi na ubatizo kwa kamera ya dijitali, ndiyo inanilisha. Mwaka jana koko (bibi) wangu alishuka kutoka Walungu, akakaa barazani kwetu na kitenge kipya. Umeme ulikuwa umekatika siku ya tatu, betri zangu zote zimekufa. Akarudi kijijini, sina picha yake hata moja. Tangu siku ile nataka kamera ya filamu inayoendeshwa na springi tupu, isiyongoja umeme wa mtu.

Muuzaji mmoja ana Nikon FM2 na lenzi ya 50mm f/1.8. Mwingine ana Pentax K1000 na lenzi tatu: 50mm f/2, 28mm f/2.8 na 135mm f/3.5. Kila mmoja anataka dola 300. Na kuna rafiki anayeniuzia Canon AE-1 kwa 100, ananihakikishia kwamba nayo haihitaji betri. Mngechukua ipi?

Kaka Himbi

Dada, hiyo AE-1 iache kwa kazi unayoitaka. Ni kamera nzuri, ilitoka 1976, lakini pazia lake, linaloruhusu na kuzuia mwanga kufika kwenye filamu, linaendeshwa na umeme. Betri yake ya volti 6 ikiisha, unabonyeza kitufe na hakuna kinachotokea. Mimi hapa Goma nimetumia Zenit E miaka mingi, haina hata sehemu ya kuweka betri. Ni nzito, na ukichungulia ndani unaona giza, ila lenzi yake ya Helios 58mm f/2 inapenda uso wa mtu. Hela ikikubana, ifikirie.

Mzee wa Kadutu

Binti yangu, nilifanya kazi studio tangu enzi za filamu, na mpaka leo watu wananiletea kamera niwafungulie. Zote mbili ulizotaja zinapiga bila betri. Betri ndogo za LR44 ni za kipima mwanga peke yake. Kwa hiyo usichague kwa jina. Chagua kwa kazi, halafu kwa afya ya mashine.

Kwanza kazi. FM2 ya 1982 inafika kasi ya pazia ya 1/4000 ya sekunde, K1000 inaishia 1/1000. Weka filamu ya ISO 400, namba ya wepesi wake wa kunasa mwanga. Jua la saa sita mchana linataka f/16, yaani tundu dogo la lenzi (namba ya f ikishuka, tundu linapanuka), kwa 1/500. Ukiwa na K1000 huwezi kufungua lenzi kupita f/11, wakati FM2 inakupeleka mpaka f/5.6, na nyuma ya mtu panaanza kulainika. Hapo Nikon imeshinda. Lakini koko wako alikaa wapi? Barazani, kivulini. Kivulini filamu hiyohiyo inataka karibu f/4 kwa 1/500, au f/2.8 kwa 1/1000. Pentax inaiweza vizuri kabisa. Kasi ya 1/4000 ungeilipia bila kuigusa.

Sasa afya, na hapa nakuomba usiharakishe. Bukavu yetu ina ziwa na mvua, na adui wa lenzi ni ukungu, ule wa kuvu. Niliwahi kuweka lenzi yangu ya 105mm ndani ya mfuko wake wa ngozi, kabatini, msimu mzima wa mvua. Nilipoitoa, nyuzi nyeupe zilikuwa zimetambaa kwenye kioo cha ndani kama mizizi, na zilikuwa zimekula rangi ya kioo. Nilisafisha ukungu, alama hazikutoka. Ile lenzi iliniuma kuliko pesa. Kwa hiyo nenda na tochi. Fungua tundu la lenzi mpaka mwisho, mulika kutoka nyuma, tazama kwa mshazari. Vumbi kidogo si kitu. Nyuzi, au wingu la maziwa, rudisha. Tazama pia visu vya tundu: vikiwa na mafuta vitachelewa kufunga, na picha zitaungua kwa mwanga.

Halafu fungua mlango wa nyuma bila filamu. Weka sekunde 1, sikiliza. Ikikwama au ikivuta zaidi ya sekunde, grisi imekauka. Kisha weka 1/1000, elekeza ukuta mweupe wenye jua, chungulia kwa nyuma ukipiga. Unatakiwa kuona mwanga kwenye mstatili wote. K1000 ina mapazia ya kitambaa, na yakichoka upande mmoja unabaki mweusi. Mwisho gusa sponji za mlango: zikinata kama lami, mwanga utaingia. Hizo zinabadilishwa kwa bei ndogo, zisikutishe.

Ukinilazimisha, nasema K1000, ikipita mtihani. Na ukiinunua, funika lenzi ukimaliza kazi, maana kipima mwanga chake hakina swichi, kinakula betri mchana kutwa.

Binti wa Nguba

Aksanti sana Mzee. Nimetoka huko sasa hivi na tochi yangu. 50mm safi. 135mm safi. Ile 28mm ina nyuzi pembeni, kama ulivyosema. Sekunde 1 inasikika sawa. Lakini kwa 1/1000 upande mmoja ni mweusi, kwa 1/500 unaonekana wote.

Mzee wa Kadutu

Basi hiyo ni kamera ya 1/500, na bei iwe ya kamera ya 1/500. Mwachie 28mm yake, usiingize ukungu nyumbani. Hizo mbili usizitunze kwenye ngozi wala kabatini. Tafuta ndoo yenye kifuniko kinachobana, weka ndani vile vifuko vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Kaka Himbi

Na pesa itakayobaki, nunua filamu. HP5 nyeusi na nyeupe unaweza kuisafisha mwenyewe chooni usiku: dawa ya ID-11 isiyozimuliwa, nyuzijoto 20, dakika 7 na nusu.

Binti wa Nguba

Amekubali 210 bila ile 28mm. Filamu tatu za HP5 nimeagiza. Koko anashuka tena mwezi wa kumi na mbili, na kiti chake nitakiweka palepale barazani: f/4, 1/500.