Wheel of Time: nimemaliza kitabu cha 8 nimechoka, niendelee au niachane nayo?

msomaji_wa_usiku
Wakuu habari zenu. Nilianza Wheel of Time, ule mfululizo wa riwaya za kifantasia wa Robert Jordan, baada ya Amazon kuikata ile tamthilia yao mwaka 2025 ikiwa na misimu mitatu tu, nikasema ngoja nijue mwenyewe hadithi inaishia wapi. Vitabu vitatu vya mwanzo nilivimeza, cha 4 ndo kikanimaliza kabisa, pale Rand, mhusika mkuu, anapopita kwenye zile nguzo za kioo kule mji wa Rhuidean anaona maisha ya mababu zake kwa kurudi nyuma, kila hatua kizazi cha zamani zaidi, mpaka unagundua hawa Aiel, watu wa jangwani wanaoogopwa na dunia nzima kwa vita walitokana na watu walioapa wasimdhuru mtu yeyote. Aisee niliweka simu pembeni nikabaki natazama dari.

Sasa cha 8 jamani. Mwisho wa cha 7 Mat, rafiki yake Rand, kaangukiwa na ukuta, nikakimbilia cha 8 nijue kapona au la, hayumo! Kitabu kizima hayumo! Badala yake Aes Sedai, wale wanawake wenye uchawi, wanakunywa chai, wanaweka sawa magauni, Nynaeve, yule mganga wa kijijini kwao Rand, anavuta msuko wake, afu mwishoni Faile, mke wa rafiki mwingine wa Rand, katekwa. Na kila mtu anasema cha 10 ndo balaa lenyewe. Niendelee? Msinitobolee mwisho tafadhali.

kobe_mpole
Ruka cha 10 mkuu, mi nakwambia kabisa. Cha 9 kinaisha na tukio zito mno, sikwambii nini, halafu cha 10 sehemu kubwa ni kukuonyesha watu wengine walikuwa wapi wakati lile tukio linatokea, wanashtuka, wanaangalia upande ule, wanaendelea na mambo yao. Kurasa zaidi ya 600 za watu kushtuka! Kilitoka 2003 na watu walishasubiri miaka miwili na ushee. Na Faile usimsubirie leo wala kesho, hiyo kesi inaenda mpaka cha 11.

bi_tarishi
@kobe_mpole kaka si kasema asitobolewe 😂

Mi sikubali kirukwe hata kimoja. Kweli cha 10 kinakera, ila mnakihukumu kwa hasira za wale waliongoja miaka miwili wakapewa hicho, wewe unakimaliza wiki hii na wiki ijayo unafungua cha 11 ambacho mambo yanakimbia mpaka unasahau ulinuna. Na Jordan hakuwa mvivu, tatizo lake hakutaka kumwacha mtu nyuma, kila mhusika aliyemfungulia mlango lazima amfuatilie anakokwenda, ndo maana hadithi inatanuka badala ya kusonga. Ila hiyo hiyo ndo inafanya mtu akifa uumie. Huyu jamaa alipigana Vietnam, na inaonekana, angalia vita vya Dumai's Wells mwisho wa cha 6, upande wetu unashinda na bado unamaliza sura ile una kichefuchefu, hakuna hata wa kushangilia naye.

Lawama yangu mimi ni wanawake wake. Kawapa mamlaka, kawapa uchawi, malkia kila kona, jambo zuri sana kwa kitabu kilichoanza 1990, lakini wakigombana wote wanaongea kama mtu mmoja, wanakunja mikono, wanaguna, wanaume ni wajinga basi. Nynaeve peke yake ndo kanishinda nguvu, nilianza namchukia sasa hivi simuachi kwa yeyote.

mzee_wa_kurasa
Mambo ya kasi mtayamaliza wenyewe, mi nimwambie kijana kuhusu mwandishi kubadilika. Jordan alifariki Septemba 2007 kabla hajamaliza kitabu cha mwisho. Mkewe Harriet McDougal, ambaye ndiye alikuwa mhariri wake tangu mwanzo, akamchagua Brandon Sanderson amalizie kwa kutumia maandishi yaliyoachwa, kikawa hakitoshi kitabu kimoja vikatoka vitatu, 2009, 2010 na 2013. Kasi inarudi utafurahi. Ila Mat wa cha 12 siye kabisa, anachekesha kwa nguvu, utani wa kulazimisha, anakaa sawa baadaye. Egwene, yule binti wa kijijini kwao Rand, kinyume chake, cha 12 ndo kitabu chake bora kuliko vyote. Na tukio la mwisho kabisa Jordan aliliandika mwenyewe kabla hajafa, kwa hiyo unakofika ndiko alikotaka ufike.

Cha 14 kina sura moja ya vita ambayo peke yake inakaribia kurasa 200, usiianze usiku kama kesho una kazi.

msomaji_wa_usiku
Duh, kurasa 200 sura moja! Haya nimeshusha cha 9. Naomba jibu moja tu, Mat yupo?

bi_tarishi
Yupo, tena karudi vizuri. Cha 10 pia sehemu zake ndo za kushikilia, nyingine pitisha macho tu hakuna atakayekuuliza. Na kile kifupi cha Moiraine, yule Aes Sedai, na mlinzi wake Lan wakiwa vijana, New Spring, kisome baada ya cha 10 kama kilivyotoka 2004, usianze nacho hata kama watu wanakwambia ndo mwanzo wa hadithi.

kobe_mpole
Bado nasema aruke.