Fundi kakorogea saruji kwenye sufuria yangu ya ubwabwa, ananiambia "Si utaiosha?"

Wakuu, leo sina salamu. Mikono inatetemeka, na si baridi ya Uyole hapa Mbeya tu, ingawa nayo inaingia bila hodi maana dirisha la jiko limeng'olewa wiki ya tatu sasa.

Huyu fundi wote mnamjua. Kuanzia Ilomba mpaka Mwanjelwa, kama hajabomoa kwako kabomoa kwa shemeji yako. Alisema siku nne: vigae, sinki, kabati ya juu, basi. Leo siku ya 19. Waya unaning'inia juu ya sinki, ncha kaifunga na mfuko wa mkate. Namuuliza, anasema huo hauna moto. Jana mwanangu kagusa bomba, kapigwa shoti akaangukia ndoo. Grenda anakatia vigae sebuleni, vumbi nimelikuta kwenye chumvi, kwenye mito, mpaka masikioni mwa paka.

Hayo yote nilimeza. Leo natoka sokoni na ndizi zangu za Tukuyu, nakuta kapiga magoti, anakoroga saruji nyeupe ya kujazia vigae KWENYE SUFURIA YANGU. Ya kilo tano, aliyoniachia marehemu mama. Haijawahi kupika kingine zaidi ya mchele wa Kyela. Na anakorogea mwiko wangu! Nikamwambia, fundi, nini hicho? Hata kichwa hakunyanyua.

"Si utaiosha, mama?"

Si utaiosha! Ndani ya nyumba yangu! Nimeiosha saa nzima, imebaki madoa meusi na vishimo kama imeugua ndui.

Kiazi Mviringo: Pole fijo. Uzi bila picha ya sufuria haujakamilika.

Babu wa Kabwe: Hela ulishampa yote?

Mwenye uzi: Robo tatu, alisema anafuata gundi ya vigae. Sasa unauliza hela, mtu kaniambia si utaiosha!

Babu wa Kabwe: Robo tatu kabla ya kazi? Shukuru hajakorogea kwenye kitanda.

Waya Mwekundu: Utani pembeni. Bomba likipiga shoti zima meni swichi sasa hivi, ita fundi umeme mwenye leseni apime, akague na ethi, ule waya wa kwenda ardhini. Volti 230 kwenye sakafu yenye maji zinaua. Hiyo sufuria kama ni ya aluminiamu usipikie tena, saruji mbichi inaila aluminiamu, ndiyo hivyo vishimo. Unapikia wapi siku hizi?

Mwenye uzi: Mkaa, koridoni. Usiku naingiza jiko chumbani watoto waote.

Waya Mwekundu: Dada, LITOE. Hewa ya mkaa haina harufu. Mnafunga mlango, mnalala, hamuamki.

Mwenye uzi: Nimelitoa, asante kaka. Kwa hiyo hata kuoshwa haioshiki! Na yeye kasema si utaiosha!

Mufindi Halisi: Afadhali wewe sufuria. Mimi kabati ya jiko kanitengenezea mbao mbichi za paini, zinavuja utomvu kwenye sahani. Mwezi mmoja tu milango imepinda, panya wanaingia wamesimama wima.

Kiazi Mviringo: Ni huyohuyo?

Mufindi Halisi: Nani mwingine?

Mbao Kavu: Paini msiisingizie. Haikukaushwa. Mbao za maana njooni Njombe.

Mufindi Halisi: Njombe mna nini zaidi ya baridi? Msitu wa mbao wa Sao Hill uko kwetu.

Mtoto wa Makete: Ile ya Njombe nayo mnaiita baridi? Njooni Makete mwezi wa saba muone sakitu, ile barafu ya asubuhi, kwenye majani.

Mwenye uzi: Jamani, sufuria ya mama yangu!

Mbao Kavu: Makete hata kuku wanavaa sweta.

Babu wa Kabwe: Wa Makete, gunia la viazi huko limefika bei gani?