Mrejesho: michango ya matembezi ya hisani Moshi

Wadau, niliuliza namna ya kukusanya michango ya matembezi ya hisani hapa Moshi na kuyatangaza mtandaoni bila kuzua maneno. Kilichofanya kazi ni lipa namba (namba ya kupokea malipo kwa simu) ya kikundi, si namba ya mtu. Jina linalotokea kwenye simu lifanane na la kwenye bango, la sivyo mchangiaji anaghairi kabla ya kuweka namba ya siri. Makato ya kutoa pesa yapigiwe hesabu mapema; jumla iliyotangazwa ikizidi iliyokabidhiwa, minong'ono haiishi. Polisi wapewe taarifa ya maandishi saa 48 kabla. Picha za watoto? Kibali cha mlezi kwanza, au wapigwe picha kwa mgongoni tu. Risiti za EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi) zipigwe picha siku hiyohiyo, maandishi yake hufifia.