Mrejesho: “shew” na “show” ni kitenzi kimoja

Habari zenu wakuu. Niliuliza kama “shew” ya kwenye Biblia ya Kiingereza ya King James (1611) ni kitenzi tofauti na “show” ya leo. Majibu yenu yamenisaidia mno.

Ni kitenzi kilekile. Kilichonivutia zaidi ni maana. Katika Kiingereza cha kale kilikuwa “sceawian”, yaani kutazama. Karibu na mwaka 1200 kikageuka, kikawa kumfanya mwingine atazame, ndiyo kuonyesha. Ndugu yake wa Kijerumani, “schauen”, amebaki kwenye kutazama mpaka leo. Sisi safari hiyo tunaimaliza kwa mnyambuliko tu: ona, onyesha. Napenda sana jambo hili!

Tahajia ya “shew” iliendelea kuchapwa hadi karne ya 19, na mwandishi wa tamthilia George Bernard Shaw aliishikilia hata karne ya 20. Siku hizi husomwa sawasawa na “show”, kwa hiyo aliyenishauri nisitamke “shuu” nikisoma kanisani, asante sana ndugu yangu. Na “shewbread” ni ile mikate ya wonyesho ya kwenye Biblia yetu ya Kiswahili.