Kuleta kunguru Unguja au kuua shomoro China: uamuzi upi uliharibu zaidi?

MtotoWaMkunazini
Assalaam alaykum jamaa. Asubuhi ya leo kunguru kanichukulia kifaranga mbele ya macho yangu. Mama yake kajitupa na mabawa wazi, asifue dafu. Vifaranga walikuwa kumi na mmoja, wamebaki wanne. Na kunguru hawa hawakuja wenyewe: waliletwa kutoka Bara Hindi miaka ya 1890, enzi za Waingereza, ili wale taka za mji. China mwaka 1958 wakafanya kinyume, serikali ya Mao ikaamuru shomoro wauawe kwa kuwa wanakula nafaka. Upi ulikuwa mbaya zaidi? Mie nasema wetu, maana wa kwao ulirekebishwa.

BintiWete
Pole kwa vifaranga, kaka. Lakini ni wa China. Watu walitoka na masufuria na ngoma, wakapiga kelele shomoro wasitue, wakawa wanaruka mpaka wanaanguka wafu kwa kuchoka. Shomoro anakula nafaka, kweli, lakini makinda yake anayalisha wadudu. Alipokwisha, wadudu wakavamia mashamba. Mwaka 1960 akatolewa kwenye orodha ya maadui wanne, yaani viumbe wanne ambao serikali iliamuru waangamizwe, akatiwa kunguni badala yake. Njaa ya 1959 hadi 1961 iliua mamilioni ya watu. Hao nani kawarekebisha?

MaalimChake
Dada, tuwe waadilifu. Njaa ile haikuletwa na shomoro peke yao. Wakulima walitiwa kwa nguvu kwenye mashamba ya pamoja, viongozi wa chini wakaandika mavuno ambayo hayakuwapo, na serikali ikachukua nafaka kwa hesabu hizo hizo. Aliyelima akabaki na ghala tupu. Kwangu mimi kalamu ile iliua kuliko masufuria.

MvuviNungwi
Na sangara je? Alitiwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, mamia ya aina za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa lile, zikapotea. Ila sangara ana watetezi: viwanda vya minofu, ajira, fedha za kigeni. Kunguru sijamsikia mtetezi wake.

MtotoWaMkunazini
Kwa roho za watu nimekubali, dada. Lakini kosa letu halitoki. Miaka ya 1990 kunguru walitegewa sumu, wakapungua kweli, kazi ikasimama, wakarudi. Sasa Mombasa na Dar nako wamejaa. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akinionesha chozi na minana kwenye mpera wa uani. Mpera bado upo, asubuhi ni kunguru watupu.

MzeeMalindi
Kwa maamuzi mabaya, mbona hamumtaji Khalid bin Barghash, mwana wa Sultani Barghash wa hapa Unguja? Tarehe 25 Agosti 1896 kaingia kwenye jumba la mfalme bila ya ridhaa ya Waingereza. Tarehe 27, saa tatu asubuhi, mizinga ya Waingereza ikalia. Kabla ya saa nne vita vimekwisha, watu kama 500 wameuawa au kujeruhiwa.

BintiWete
Shikamoo mzee wangu. Khalid simtii humu. Alidai kiti alichokalia baba yake. Uamuzi wa kulipiga mizinga jumba lenye watu ndani haukuwa wake.

MzeeMalindi
Marahaba mwanangu. Aliambiwa atoke, akakataa, na watu wake wakabaki naye ndani. Hilo nalo lipime.

JiraniMtoni
Mkunazini, hao wanne funika banda lao kwa wavu mkuukuu wa kuvulia, usiwatoe mpaka waote manyoya. Mie mwaka huu wamenichukulia wawili tu.