Saccos yetu Mbeya inataka akili mnemba ipitie maombi ya mikopo, tuanzie wapi?

Afisa_Uyole:
Wakuu salaam. Mimi ni afisa mikopo kwenye saccos ya hapa Mbeya. Wanachama wetu ni walimu, wafanyabiashara wa Mwanjelwa na wakulima wa viazi na parachichi. Kuna kijana ametuletea programu ya akili mnemba. Inasoma fomu ya ombi, akiba na miamala ya simu, kisha inatoa alama: apewe au asipewe. Meneja ameipenda. Mwenyekiti wa kamati ya mikopo hataki hata kuisikia.

Binafsi siipingi, maana msimu wa mbolea mafaili yanajaa mezani hadi wanachama wanakimbilia mikopo ya mtaani. Lakini mkaguzi wa COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, akiniuliza fulani alinyimwa kwa nini, nitamjibu nini? Kwamba mashine ilikataa? Bodi inakaa karibuni, nipeni mwongozo.

Kijiwe_Soweto:
Mnachelewa tu mkuu. Watu wanakopa kwenye simu saa nane usiku na hela inaingia hapohapo, ninyi bado mnadai barua ya mtendaji.

Mnyalu_Ipogolo:
Kamwene. Soweto, huo mkopo wa simu ni wa hela ndogo. Huku mtu anaweka shamba na wadhamini, akinyimwa kimakosa msimu wote umekwenda.

Afisa, niko kwenye uzingatiaji wa sheria katika taasisi ya fedha hapa Iringa. Saccos iko daraja la tatu chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na leseni yenu inatoka Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Kununua programu hakumhamishii muuzaji wajibu wenu. Kikiharibika kitu, wataitwa bodi na meneja, yule kijana atakuwa ameshabadilisha namba.

Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu Mei 2023. Wengi hawajui kwamba miamala ya kifedha ya mtu imewekwa humo kwenye taarifa nyeti. Na mwanachama ana haki ya kudai uamuzi unaomgusa kwa uzito usifanywe na mtambo peke yake. Kwa hiyo mwenyekiti wenu mnamwona mkaidi, lakini kwa hili ana hoja. Mashine ipange mafaili, ioneshe kilichopungua, ikokotoe uwezo wa marejesho. Kukubali au kukataa kubaki kwa kamati, na sababu iandikwe kwa maneno ambayo mwanachama akisomewa dirishani anaelewa.

Afisa_Uyole:
Ndaga fijo. Na hii ya wafanyakazi kubandika fomu za wanachama kwenye ChatGPT ya simu zao ili iwaandikie muhtasari? Nasikia iko kila ofisi.

Mnyalu_Ipogolo:
Hiyo ndiyo ingeninyima usingizi kuliko programu ya kijana. Kubandika fomu humo ni kusafirisha taarifa nje ya nchi, na hilo lina masharti yake, na akaunti ya mtu binafsi huna mkataba nayo wowote. Andikeni waraka wa ukurasa mmoja tu: jina, namba ya NIDA, namba ya simu na salio la mwanachama haviingii ChatGPT. Barua za kawaida na matangazo ya mkutano mkuu, waandike watakavyo.

MamaViazi:
Mimi ni mwanachama wa saccos nyingine, sina cheo. Hiyo mashine imefundishwa na mikopo ya nani? Mwalimu ana mshahara kila mwezi. Mimi miezi mingi simu yangu haina muamala wa maana, nikivuna viazi ndiyo hela inaingia kwa mkupuo, na mnunuzi mara nyingi analipa taslimu shambani. Kwa mashine mimi ni maskini wa kutupwa, wakati sijawahi kuchelewesha rejesho.

Kodi_Kabwe:
Mama kamaliza. Afisa, msibishane kwa maneno. Chukueni mafaili ya zamani ambayo mnajua yaliishia wapi, ondoeni majina, yapitisheni kwenye programu, kisha tenganisheni majibu ya wakulima na ya wenye mishahara. Ikiwaangusha wakulima waliolipa vizuri, mmeshaijua. Mimi natengeneza mifumo, na muuzaji anayekataa jaribio kama hilo ningemsindikiza hadi stendi.

Kijiwe_Soweto:
Haya, nimewaelewa. Ila jaribio lisije likageuka miaka mitatu ya vikao na posho.

Afisa_Uyole:
Soweto, umetugusa hapo kwenye posho. Nitapeleka hoja ya jaribio, na MamaViazi nitaomba tuwe na mkulima kwenye kamati ya kulisimamia. Kuna la ziada la kumbana kijana kabla ya mkataba?

Mnyalu_Ipogolo:
Muulize kama amesajiliwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na ninyi wenyewe muangalie usajili wenu. Muulize taarifa zinahifadhiwa wapi. Halafu siku mkiachana naye, atazifuta au atabaki nazo akawauzie wengine? Hilo ajibu kwa maandishi, liingie kwenye mkataba.